Vita vya Vifungo Sita

Sogeeni, enyi mliopata viti na mliokosa, mnyamaze, nami nitawasimulia jinsi Muuguzi, mke wa nyumba, mwenye miguu iliyovimba kwa zamu mbili mfululizo, alivyomwangusha Shemeji, kaka mkubwa wa mumewe, simba wa sebule, Jumapili alasiri, katika uwanja wa meza ya chakula.

Silaha zao zilikuwa karata za poka. Dau lao, vifungo vya kopo la jirani yao, Fundi Cherehani. Na sheria yao, iliyoandikwa kwa penseli ndani ya kifuniko cha kopo hilo, iliamuru kwamba karata zikishagawanywa, kila mtu ashindane kwa vifungo vilivyo mbele yake, asiongeze hata kimoja. Na wa kwanza kuishiwa ataosha sufuria zote. Jumapili tatu aliziosha Muuguzi, kwa maana Shemeji alikuwa na kipaji cha kuielewa sheria upya kila aliponusa kushindwa, na hapakuwa na mwanamume wa kumkanya.

Karata zikagawanywa. Muuguzi, mwenye vifungo vinane, akapata malkia wawili, akaweka vifungo viwili. Shemeji, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umepotea chini ya meza kwa kitambo, akaweka viwili vyake vya mwisho, kisha akamwaga vingine.

"Na sita juu," alinguruma. "Ukiogopa, sufuria zinakungoja."

Muuguzi alivitazama kama atazamavyo kidonda.

"Shemeji, hivi vimetoka wapi?"

"Akiba. Mtu mzima hakosi akiba."

"Akiba yenye uzi?"

Fundi, aliyeketi nao mezani, akakiinua kimoja kwenye mwanga. "Uzi wangu huu. Shati hilo nimelishona mimi, na vifungo nilivikaza mara mbili. Umetumia nguvu, bwana."

Macho yote yakashuka, yakaliona tumbo la simba likipunga hewa.

"Mimi niliyesimamia posa yako," alisema Shemeji kwa sauti ya mimbari, "leo nihojiwe kwa ajili ya vifungo?"

"Jamani, ni mchezo tu," mume alinong'ona.

"Kama ni mchezo tu, mume wangu, sufuria utaosha wewe."

Mume akarudi kuichunguza dari, kazi aliyoizoea.

"Nakuheshimu, Shemeji," Muuguzi akaendelea, "ndiyo maana nimesubiri ufike kitovuni ndipo niulize. Sita hivyo rudisha kifuani. Tushindane kwa viwili."

Shemeji akazifunua karata zake: hamkuwa na jozi wala mfuatano, bali karata moja kubwa, yenye cheo cha ukubwa peke yake. Malkia wawili wa Muuguzi wakamshinda.

Ndipo jikoni ikasikika sauti ambayo ukoo ule haukuwahi kuisikia, ya Shemeji akisugua ukoko, amevaa aproni ya Muuguzi kuusitiri ushinde na kifua pamoja. Na Muuguzi, mshindi wa malkia wawili, akalala kwenye kochi bila hata kuvua viatu. Tangu siku hiyo, watu wa nyumba ile huyagawa majira sehemu mbili: kabla ya shati, na baada ya shati.