Pembe za Zuhura

Jumanne, 25 Februari

Darubini imefika kutoka Kasulu! Nimeipata kwa kubadilishana na baiskeli yangu. Zuleha, mke wangu, kauliza mahindi yatafikaje mashineni. Nimemwambia aangalie mambo makubwa. Kaangalia mahindi.

Mpango: niwe wa kwanza Kibondo kuuona mwezi wa Ramadhani, tena kwa picha. Kila mwaka baba mkwe, Mzee Hilali, anasimama nyuma ya msikiti wetu na kukodoa macho. Akisema umeonekana, unatangazwa. Mwaka huu nitamwambia mimi. Labda ataacha kuniita "yule kijana wa Zuleha". Nina miaka arobaini na mbili.

Jumatano, 26 Februari

Nimefunga simu kwenye darubini kwa kipande cha tyubu, ukumbusho wa baiskeli. Nimelenga nyota ya Mshtarii. Nimepata sikio la mbuzi.

Saady wa studio kapita, kasema chombo kitulie kwanza ndipo nipige. Nani kamuuliza? Anapiga picha za pasipoti, nyota kazijulia wapi?

Ijumaa, 28 Februari

Mawingu kutoka Kakonko mpaka huku. Wazee nyuma ya msikiti hawaoni kitu. Mimi uani kwangu, nachungulia upenyo mmoja mdogo magharibi. Mara, ndani ya darubini: mwezi! Mwembamba, pembe mbili, kama ukucha uliokatwa. Nikapiga. Nikakimbia, kandambili moja ikabaki kwenye matope.

Mzee Hilali akaitazama picha. Wazee wakanipa mikono. Maiki ikawashwa, Mzee akakohoa kusafisha koo. Umeme ukakatika.

Wenzake wakihangaika na jenereta, akataka nikamwonyeshe mahali penyewe. Tukaja uani. Upenyo ulikuwa umepanuka. Akainama kwenye darubini, akaziona pembe. Kisha akainua kichwa, akatazama kwa macho yake. Pale pale ilipoelekea darubini, nyota moja kubwa inawaka.

"Mkwe wangu," akasema taratibu, "hii ni Zuhura."

Waislamu wa mji mzima wangeanza kufunga kwa ajili ya nyota, na jina langu lingeimbwa mpaka vijiji vya Murungu! Alhamdulillahi kwa ule umeme. Mzee akarudi kuzima jenereta, hakunigombeza hata kidogo. Tena kaniita mkwe wangu. Nimekaa kwenye ndoo dakika nyingi, napumua tu. Nimeapa darubini sitaigusa tena.

Jumapili, 2 Machi

Jana mwezi umeonekana waziwazi, watoto wanaunyooshea vidole, Zuhura iko karibu yake bila aibu. Leo tumefunga. Moyo umetulia, hakuna aliyenicheka usoni.

Saady kaja. Kasema Zuhura ikitazamwa kwa darubini huwa inakonda na kunenepa kama mwezi, na kwamba hajawahi kuona picha nzuri kama yangu. Anaomba aitundike studio, jina langu chini yake.

Ujanja huo! Anataka mji usisahau. Nyota yenye pembe imeonekana wapi? Nimeifuta picha mbele yake. Kaondoka ameshika kichwa, ameshindwa.

Tatizo nimeligundua mwenyewe: kioo cha darubini kina kasoro. Nimekisugua kwa majivu, kisha dawa ya meno, mpaka mkono ukaingia ganzi. Sasa kimekuwa cheupe pe, hakuna pembe wala nini.

Nimemtuma Zuleha kwa baba yake. Mwezi wa Idd asisumbue macho, aniachie mimi.