Kaimu Marehemu

Ofisi ya Uratibu wa Huzuni Rasmi, Kanda ya Mpakani, ilikuwa na furaha kubwa kuutangazia umma kwamba siku ya Jumamosi, kuanzia saa nne kamili hadi saa sita na robo, kutakuwa na huzuni. Huzuni hiyo ingefanyika kwenye makaburi ya wanajeshi nje kidogo ya mji wa Tororo, kwa heshima ya Sajini Rasto Wandera wa Masafu, aliyekufa vitani akiwatoa wenzake watatu ndani ya gari linalowaka moto. Wananchi wote walikaribishwa. Viti vilikuwa vya wenye kadi.

Tangazo lilibandikwa na Herbert Odeke, tarishi wa ofisi hiyo kwa miaka kumi na tisa, mtu mpole mwenye shingo ndefu, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba mafaili na chai na kuhakikisha viwili hivyo havikutani.

Shughuli ilikuwa na tatizo moja dogo. Sajini alikuwa ametunukiwa medali, na medali ilikuwa imeshafika ofisini ndani ya kiboksi cheusi. Lakini Fomu Namba Saba ilisema wazi: medali hukabidhiwa mwenyewe, ana kwa ana, naye atie sahihi.

Mama yake Sajini, Taaka, muuza samaki wakavu wa soko la Busia, alikuwa ameifuata medali hiyo mara tatu. Mara ya tatu Mratibu Mkuu, Mheshimiwa Obbo, alimpokea kwa upole wa mtu aliyehudhuria semina ya upole.

"Mama, tunauthamini uzazi wako," alisema. "Lakini wewe ni mzazi. Mzazi si mwenyewe."

"Mwenyewe nilimzika, Mheshimiwa."

"Hilo limo kwenye faili."

"Basi nipe mimi. Mtoto ni yangu."

"Kanuni haina mtoto, mama. Kanuni ina fomu."

Mama Taaka akatoka bila kuaga. Herbert alikuwa amesimama mlangoni na sinia, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa chai ikamwagikia faili.

Isidhaniwe kwamba ofisi ilikaa tu. Specioza, karani, aliandika barua ya kumtaka Sajini ajieleze kwa nini hakufika kuichukua medali. Barua ikapelekwa makaburini, ikawekwa juu ya kaburi na kukandamizwa kwa jiwe isipeperuke. Siku kumi na nne zikapita. Sajini hakujibu.

Kikao cha dharura kiliketi kwa siku mbili. Kilikubaliana kwamba Sajini hayupo kituoni, na kwamba ofisa asipokuwapo kituoni nafasi yake hukaimiwa. Mheshimiwa Obbo aliwatazama wajumbe mmoja mmoja, mwishowe akamtazama mtu aliyekuwa anakusanya vikombe.

"Herbert, unavaa kiatu namba ngapi?"

Hivyo ndivyo Herbert alivyopandishwa cheo kwa mara ya kwanza maishani, akawa Kaimu Marehemu. Majukumu yake: afike, avishwe medali, apigiwe saluti, atie sahihi, kisha airudishe medali kimyakimya ndani ya bahasha ya kaki. Nafasi ya medali hiyo katika kabati la vioo la Mheshimiwa ilikuwa imeshapanguswa vumbi, kando ya cheti cha kuhudhuria semina ya kuandaa semina.

"Nikiulizwa kitu nijibu nini?" Herbert aliuliza.

"Wewe ni marehemu. Tumia uzoefu wako wa ofisini: nyamaza."

Jumamosi Herbert alifika ndani ya sare iliyomzidi mabega. Nje ya kamba ya wageni, kwenye nyasi, alikuwa ameketi Mama Taaka katika vazi lake la gomesi la buluu. Hakuwa na kadi. Herbert alitaka kupita akitazama viatu vyake, lakini mama akamwita.

"We ndiyo Rasto ya leo?"

"Nisamehe, mama. Ni kazi tu."

Mama Taaka aliitazama ile sare. Kisha akasimama, akamvuta kola, akamfunga kifungo cha juu. "Rasto alikuwa nafunga mpaka juu. Hata na jua." Akampangusa begani vumbi ambalo halikuwapo.

Mbele, kiongozi wa bendi ya tarumbeta, Jacktone, aliyekodiwa kutoka Busia ya Kenya, alimpokea kwa heshima zote.

"Maze, wewe ndio maiti?"

"Kaimu."

"Poa. Sasa nikipiga ile ya pole unalala ama unasimama?"

"Ratiba inasema nasimama."

Mheshimiwa Obbo alihutubia kwa dakika arobaini. Alieleza jinsi habari za kifo zilivyomkuta akila chakula cha mchana, na jinsi alivyokimaliza kwa ujasiri. Kisha akamvisha Herbert medali, akampigia saluti. Herbert akatia sahihi. Specioza akagonga muhuri.

Hapo ndipo bahasha ilipotakiwa kutoka mfukoni. Herbert hakuwa amepanga lolote; tangu azaliwe hakuwahi kupanga jambo bila kuagizwa. Lakini vile viatu vya jeshi viligeuka. Vikapita viti vya wenye kadi, vikavuka kamba, na Herbert akajikuta amepiga magoti kwenye nyasi, anaivua medali kifuani mwake na kuibandika kwenye gomesi la buluu.

"Herbert!" Mheshimiwa alifoka. "Irudishe mara moja!"

Specioza alifungua faili. "Mheshimiwa, Herbert yuko likizo tangu jana, uliidhinisha mwenyewe. Huyu ni Sajini. Medali ni yake, ameitilia sahihi. Anampa amtakaye."

"Basi naufuta ukaimu wake!"

"Inawezekana. Tunamwandikia marehemu, tunasubiri siku kumi na nne."

"Hii ni fujo!"

"Na mkono, Mheshimiwa."

"Mkono gani?"

"Kanuni ya kumi na mbili, uliyoitunga wewe. Mbele ya mvaa medali, ofisa mkuu aliyepo hupiga saluti, wala hashushi mkono hadi mvaaji aketi."

Simu zilikuwa zimeinuliwa kila upande. Mheshimiwa Obbo aliangaza macho akitafuta ofisa mkubwa kuliko yeye. Hakuwapo, alikuwa amehakikisha hivyo wakati wa kugawa kadi. Akainua mkono.

Herbert alimshika Mama Taaka kiwiko, akampitisha katikati ya wageni hadi mbele, penye kiti kimoja tu kilichokuwa wazi: kiti chekundu cha Mratibu Mkuu.

"Karibu, mama," alisema Mheshimiwa, sasa kwa upole usiofundishwa kwenye semina yoyote. "Keti, keti."

Mama Taaka alikitazama kiti. Akalitazama kaburi la mwanawe. Akaigusa medali, kama mtu anayepima samaki kama amekauka vizuri.

"Rasto alikuwa hapendi ya kulialia," alisema. "Siku ya kwenda jeshi alicheza na mimi mpaka majirani wakaamka." Akamgeukia Jacktone. "Wewe ya tarumbeta, najua kupiga ya kwetu?"

"Mathe, hiyo ndio nimengoja tangu asubuhi."

Tarumbeta zikalia. Mama Taaka akaanza na mabega, taratibu, kisha miguu ikafuata, kisha kigelegele kikamtoka, kirefu, na machozi pamoja nacho. Wasio na kadi wakairuka kamba. Wenye kadi wakaziacha vitini. Herbert, ambaye hakuwahi kucheza hadharani, alirusha mikono mirefu kila upande, na Specioza akaandika katika kumbukumbu za shughuli: "Saa tano na dakika kumi. Marehemu anacheza. Anacheza vibaya."

Jua lilipanda. Mkono wa Mheshimiwa Obbo ulianza kutikisika kwenye kiwiko. Aliuliza kama kanuni inaruhusu kuushikilia kwa mkono wa pili. Haikuruhusu.

"Mama," alisihi kwa mara ya tano, jasho likimchuruzika hadi kwenye tai, "hujachoka? Keti kidogo tu!"

"Bado, baba," Mama Taaka alimjibu bila kusimamisha mabega. "Mimi nimekaa sana."

Kisha akamwambia Jacktone airudie ile tangu mwanzo.