Marehemu Anaomba Zamu Yake

Kipara alikuwa anasoma habari kwa sauti, mashine ya kunyolea mkono mmoja na simu mkono wa pili, mteja wake akiwa amenyolewa nusu kichwa tu.

"Jamani, sikilizeni! Kuna chama cha watu wanaotunga hadithi za anga kwa pamoja, wanacheza kama sisi. Wameipiga breki akili mnemba! Eti kuanzia sasa isiue mhusika wa mtu bila ruhusa ya mwenyewe. Isiseme kwa mdomo wa mtu. Isi..."

"Wewe, kichwa cha mtu hicho," Sindano alimkatiza. "Mnyoe kwanza, hajaja kusikiliza habari."

Bomba akaweka kikombe chini. "Kipara, rudia hapo pa kuua."

"Marehemu hasemi," Sindano akasema.

"Nasema nitakavyo."

"Dada Birika, kwani umempa kahawa huyu? Marehemu tangu lini anakunywa kahawa?"

"Anakunywa baridi," Dada Birika alijibu huku akisuuza vikombe. "Na anapewa wa mwisho."

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemezwa ukuta wa kinyozi. Kinyozi ndiye Kipara, ambaye kichwani hana unywele hata mmoja, na wateja wageni humtazama mara mbili kabla ya kukaa. Dada Birika anauza kahawa kwenye ncha ya benchi. Sindano anashona nguo kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara, chini ya kibao alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe: APA NDIPO KWA FUNDI. Bomba anazibua mabomba ya watu mtaa mzima, halafu anakuja pale kupumzisha mgongo.

Jioni wanne hawa huiacha dunia na kupanda chombo cha angani kinachoitwa Tusichelewe. Sindano ni Nahodha. Dada Birika ni Jenerali wa silaha, cheo alichojipa mwenyewe na hakuna aliyethubutu kumuuliza alikitoa wapi. Kipara ni kiumbe wa sayari nyingine mwenye midomo mitatu, na wenzake walisema huo si ubunifu, ni ushahidi. Bomba ni Injinia. Simu ya Kipara inawekwa juu ya kreti, kila mtu anasema au anaandika kwa zamu yake, na akili mnemba iliyomo ndani, wanayoiita Mnemba kana kwamba ni jirani yao, inasimulia kinachofuata. Wakimaliza, Kipara anawatumia hadithi nzima wakaisome nyumbani.

Sasa, jioni moja Bomba aliondoka mapema. Mama watoto alipiga simu kwamba bomba la jikoni limepasuka, la jikoni kwake huyo huyo fundi bomba, na wenzake walimcheka mpaka akapotelea konani. Zamu yake ilipofika, Kipara akaiambia simu, "Injinia ametutoka, tuendelee." Mnemba akajibu, "Poleni sana." Kisha akafanya mazishi.

"Kosa ni la Kipara," Dada Birika alisema sasa. "Angesema ameondoka. Nani alikutuma useme ametutoka?"

"Si alitutoka? Alisimama hapa, akatutoka, akaenda kwake!"

"Mtu akikwambia fulani ametutoka, wewe unakwenda kuuliza kaelekea wapi?"

Mteja kwenye kiti alicheka, Kipara akamshika kichwa asitingishike. "Mimi nilikuwa nazungumza Kiswahili cha kawaida. Mnemba ndiye mwenye haraka. Hata kuuliza 'ametutoka vipi' hakuuliza! Nageuka tu, mwili umeshafungwa kwenye bendera, umetupwa kwenye nyota."

"Na nyinyi mlikuwa wapi?" Bomba aliuliza. "Mbona hamkumzuia?"

Wote watatu wakatazamana.

"Tulikuwa tunacheka," Kipara alikiri.

"Kahawa ilinipanda puani," Dada Birika akaongeza, bila haya yoyote.

Ilikuwa jioni ya nne sasa Bomba anakaa benchini bila zamu. Chombo kilikuwa na sheria waliyoitunga wenyewe, kwamba hakuna kurudi nyuma, na aliyeishupalia sana sheria hiyo ni Bomba, siku Kipara alipotaka kufuta jinsi alivyomeza ufunguo wa chombo kwa mdomo wa kati. Kwa hiyo sasa alikuwa anawasikiliza wenzake wakiharibu injini yake. Jana Jenerali aliitia injini maji ya chumvi. Bomba aliumia moyoni, lakini kila akilalamika aliambiwa alale pema.

"Basi na sisi tutunge mipaka," Dada Birika alisema. "Chama kizima kimetunga, sisi tuna nini? Mimi nina hasira na huyu Mnemba. Mnajua alichoniandikia? 'Jenerali alilia mpaka mabega yakatikisika.' Mimi! Nimewahi kulia hapa?"

"Siku ile birika lilipokuangukia mguuni," Kipara alisema.

"Yale yalikuwa matusi, hayakuwa machozi."

"Mimi kaniliza kwa midomo yote mitatu. Mitatu! Mdomo mmoja ulikuwa na ufunguo bado."

Sindano akasimama katikati yao na futi yake ya kupimia shingoni. Akianza kusimama namna hiyo, ujue ni hotuba. "Mimi ndiye Nahodha na mimi ndiye niliyedhulumiwa kuliko wote. Kiumbe hicho kimenifanya nimsifu Bomba. Mbele ya watu! 'Alikuwa mwaminifu, shupavu, nguzo ya chombo.' Nguzo? Huyu? Huyu si ndiye aliyefunga bomba langu la uani, nikifungua maji taa inawaka?"

"Iliwaka siku moja," Bomba alisema.

"Siku moja inatosha! Naomba iandikwe: Mnemba asiseme kwa mdomo wangu. Mdomo wangu una mwenyewe."

"Na herufi zako je, zina mwenyewe?" Bomba hakujizuia. "Ile h ya kwenye kibao ilikukosea nini hata ukaifukuza?"

"Wateja wanakuja na h au bila h. Wewe marehemu, shughulika na ya kaburini."

Benchi likacheka, hata mteja akacheka, na Bomba akacheka nao.  Lakini kulikuwa na jambo hajamwambia mtu.

Miwani yake aliikalia ikavunjika siku ile ile ya mafuriko ya jikoni, kwa hiyo aliyemsomea mazishi yake ni mama watoto, wamekaa juu ya meza kwa sababu chini ni maji. Alisoma ya Jenerali, wakacheka. Akasoma ya midomo mitatu, wakacheka zaidi. Akafika kwa Nahodha, pale mwishoni, sauti ikambadilika, akasema, "Baba watoto, kumbe wanakupenda hivi?" Tangu siku hiyo Bomba alikuwa akimwomba amsomee tena, leo kwa kisingizio hiki, kesho kwa kile.

Yeye na Sindano wamejuana tangu wote wawili wanajifunza ufundi, wanakula sahani moja. Katika miaka yote hiyo Sindano hajawahi kumpa neno zuri hata kwa bahati mbaya. Binti ya Bomba alipoolewa, Sindano alishona gauni kwa mikono yake, likawa zuri la kutisha, kisha akasema tu, "Mtoto kapendeza. Ashukuru hakufuata upande wako." Hivyo ndivyo walivyo, na Bomba hakuwahi kuhitaji zaidi. Sasa alikuwa amesikia zaidi, na alishaanza kuyazoea.

"Mipaka ni hii," Dada Birika alisema, akihesabu kwa kugonga vikombe. "Nje ya chombo ni kwa Mnemba. Nyota, dhoruba, mawe, wadudu wa sayari, achezee atakavyo. Ndani ya chombo ni kwetu. Asimuue wa ndani, asimlize wa ndani, asimsemee wa ndani. Akitaka mtu afe, aulize."

"Amuulize nani? Anayekufa?" Kipara akashangaa.

"Sasa umuulize jirani?"

"Nimekubali," Kipara alisema.

"Mimi nilikubali kabla hujamaliza," Sindano alisema.

"Basi na yale mazishi yafutwe, kwa sababu yote ni ya ndani. Kifo kifutwe, vilio vifutwe, sifa zifutwe. Bomba anafufuka leo leo. Bomba, hongera."

Bomba aliinua kikombe kilichokuwa kitupu, akanywa hewa. "Mimi nilikuwa nafikiri... si lazima tufute."

Kipara akaizima mashine. 

"Unasemaje?" Dada Birika aliuliza.

"Sheria ni sheria. Hakuna kurudi nyuma. Naweza kubaki hivi hivi tu, marehemu. Nimeshazoea."

"Bwana wewe! Siku nne unalalamika injini, injini! Leo unafufuliwa bure unakataa?"

"Au nifufuke, lakini yale maneno yabaki. Kama kumbukumbu tu."

Dada Birika alimtazama sana. Huyu mama akikutazama hivyo, anaona mpaka ulichokula juzi. "Aaah," alisema taratibu. "Jamani. Huyu anazipenda zile sifa."

"Nani? Mimi?"

"Wifi yangu amekuwa anakusomea, eh? Ndiyo maana juzi aliniuliza kama Nahodha anaumwa!"

Kipara alicheka mpaka akajishikilia kwenye kiti cha mteja. Bomba alihisi masikio yanamuwaka. Ingekuwa siku nyingine Sindano angempiga matusi matatu kabla kicheko hakijaisha. Leo hakumtazama hata usoni. Alikuwa anaivuta futi yake shingoni kama anajinyonga.

"Futa," Sindano alisema. "Kipara, futa yote, basi. Tumeshapiga kura."

Hilo lilimchoma Bomba kuliko kicheko. Hata maneno ya mashine, ya uongo, ya bure, Sindano hakutaka ayabakishe.

"Futeni," Bomba alisema. "Nilikuwa natania."

Kipara akachukua simu. "Ngoja nisome mstari mmoja mmoja, nisije nikafuta yetu."

"Usisome! Kwani unasoma ya nini? Chagua yote, futa!"

"Sindano, tulia. 'Jenerali alilia'... hiyo imekwenda. 'Midomo yote mitatu'... imekwenda. 'Nahodha akasema: alikuwa mwaminifu, shupavu, nguzo'..."

"Nguzo imekwenda," Dada Birika alisema.

"Imekwenda. Halafu ya mwisho. Hii..." Kipara akaisogeza simu puani. "Mnemba huyu leo kasoma shule gani? 'Akuna mtu anayenichekesha kama uyu. Benchi bila yeye ni kelele tu. Sasa asubui nitatukanwa na nani?'"

Akasoma tena, herufi kwa herufi. "Akuna. Uyu. Asubui."

 Mteja alikuwa wa kwanza kugeuka, nusu kichwa kikiwa bado na nywele, akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye kibao. Dada Birika akatazama kibao. Kipara akatazama kibao, kisha simu, kisha kibao. Bomba hakuhitaji kukitazama. Mama watoto alipokuwa akimsomea alikuwa akizirudisha h zote mahali pake bila kujua, na yeye mwenyewe, bila miwani, siku zote nne hakuyasoma kwa macho yake hata mara moja.

"Siku ile mazishi yalipokwisha niliingia ndani kumnyoa mtu," Kipara alisema polepole. "Simu niliiacha hapa kwenye kreti."

"Mashine hukosea," Sindano alisema.

"Mashine ilikosea kuua mtu," Dada Birika alisema. "Kuandika 'uyu' haijawahi."

"Niliona mazishi yamepooza. Nikaongeza chumvi kidogo. Kwani kuna sheria inakataza Nahodha kusema kwa mdomo wake mwenyewe?"

Haikuwepo; waliyokuwa wametoka kuitunga ilisema kila mdomo una mwenyewe. Bomba alitaka kusema jambo. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka akaona aibu kuinua kichwa. Mwishowe akasema, "Kipara, mstari huo ni wa ndani au wa nje?"

"Wa ndani kabisa."

"Basi uache. Na mimi nifufueni."

Kipara akaiambia simu mipaka yote, nje na ndani, akamalizia kwamba Injinia yu hai, mzima, na ana hasira kuhusu maji ya chumvi. Mnemba akajibu kwa adabu kwamba ameelewa, kisha akauliza Injinia anataka kufanya nini. Bomba akasogea kwenye kreti, akakohoa kuiweka sauti yake sawa, akaisafisha injini ile kwa muda mrefu hata Jenerali akasinzia. Dada Birika alimmiminia kahawa ya moto, akampa wa kwanza.

Jua lilipokaribia kuzama simu ya Bomba ikalia. Mama watoto. Bomba jingine.

Akainuka na mkoba wake wa spana. Kipara, simu ya mchezo bado mkononi, akafungua mdomo: "Haya, Mnemba, Injinia ametu..."

Dada Birika alimziba mdomo kwa kitambaa cha birika. "Ameondoka! Sema ameondoka! Nyinyi watu mtatumalizia bendera!"

Bomba alikuwa ameshavuka barabara, anapita chini ya kile kibao, Sindano alipomwita kutoka benchini.

"Wewe! Kesho uwahi! Nina matusi ya siku nne hayana pa kwenda!"

Bomba hakugeuka. Aliinua spana juu.

"Asubui," alisema.