Radi, Kobe na Kiti Kinachoshuka

Jumatatu, 4 Machi

Kiti changu kimeshuka tena. Mteja alipokaa alijiona kwenye kioo hadi kifuani. Nilipomaliza kumnyoa alibaki paji la uso tu. Akauliza kama kioo kimepandishwa. Nikasema ndiyo.

Hiki ndicho kiti nilichopewa katika saluni hii. Cha nyuma, ubavuni mwa choo, pampu imekufa. Kiti cha mbele, chini ya feni, mkabala na mlango, ni cha Taratibu. Anaitwa hivyo kwa sababu ananyoa kana kwamba nywele zinaumwa. Mimi naitwa Chapchap. Lakini kila anayeingia humwona yeye kwanza, akakaa kwake, na mimi huletewa wale wanaotafuta choo.

Leo, habari! Mama Saluni, mwenye duka, ametuita pale kwenye meza yake anapofumia vitambaa. Amesema wateja wakichoka kusubiri wanavuka barabara kwa kinyozi mwenye televisheni, na yeye amechoka kuhesabu migongo yao. Ataweka gemu ya mkononi kwenye benchi, wacheze huku wanasubiri. Kaka yake, muuza vifaa vya umeme, amemwazima mbili za kujaribu: Radi na Kobe. Kila kinyozi achukue moja awape wateja wake. Jumamosi atachagua ya kununua, na kinyozi ambaye gemu yake imeshinda atapewa kiti cha mbele.

Hajafika mwisho wa sentensi, Radi ilikuwa mkononi mwangu. Nyekundu, nyembamba, ina mbio za magari. Taratibu amebaki na Kobe, dude nene la kijivu lenye mchezo wa kuvua samaki. Ameshukuru. Huyu mtu hushukuru hata akikanyagwa.

Kiti ni changu. Nimeshaamua nitatundika wapi taulo.

Jumanne, 5 Machi

Radi imeteka benchi! Watu wamejazana upande wangu kama wanagawiwa kitu. Upande wa Taratibu mzee mmoja anavua samaki, anasinzia, anashtuka, anavua tena.

Kasoro ni moja. Hakuna anayenyanyuka. Nikiita anayefuata, anayefuata ananiambia nisubiri, anamalizia hii moja tu. Aliye nyuma yake hawezi kupita kwa sababu naye anangoja zamu ya Radi, si zamu ya kunyolewa. Hadi mchana nilikuwa nimenyoa kichwa kimoja, nacho kilikuwa na upara. Taratibu kafagia nywele mara kadhaa. Mimi nimefagia vumbi.

Mama Saluni ameuliza kama kiti changu kimegoma. Nimemwambia ni mbinu. Amesema mbinu ionekane kwenye droo ya pesa.

Nimeipata dawa. Kama mteja haiachi gemu aje kitini, basi aje nayo. Acheze huku ananyolewa. Sijui kwa nini duniani hakuna aliyewahi kulifikiria hili.

Jumatano, 6 Machi

Sasa najua kwa nini.

Wa kwanza leo alikuwa Mwalimu Mkuu wa shule iliyo nyuma ya mtaa. Ijumaa anapigwa picha ya kutundikwa ofisini, pale wanapotundikwa wakuu wote tangu shule ijengwe. Alitaka mstari wa mbele unyooke. Nikampa Radi, nikamvisha kitambaa, nikaanza.

Kwenye barabara iliyonyooka, hakuna matata. Kisha ikaja kona. Gari likalala kushoto, na kichwa cha Mwalimu Mkuu kikalala nalo. Mstari ukapanda kuelekea sikioni. Nikasema nitasawazisha upande wa pili. Ikaja kona ya kulia. Nikasawazisha nilichosawazisha. Wakati huohuo kiti kinashuka, na mimi nakifuata huku nimepiga magoti. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hawakusema ainame akiwa na mashine ya kunyolea mkononi.

Nilipozima mashine, mstari ulikuwa umefika utosini.

Mwalimu Mkuu hakutazama kioo hata mara moja. Aliuliza tu kama kuna mtu aliyewahi kumaliza mbio akiwa wa pili. Nikamwambia hakuna. Akatoka anapiga mluzi. Mteja karidhika, nikasema, basi mambo ni mazuri.

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu Mkuu amerudi. Amevutwa na mkewe kwa mkono wa shati. Mke akamvua kofia mbele ya benchi zima, akauliza ni nani aliyefanya hivi. Benchi lote likaninyooshea kidole, hata mzee wa samaki, ambaye siku zote yuko usingizini. Taratibu akamkalisha mwalimu kwenye kiti cha mbele na kukinyoa kichwa chote kwa utulivu, kikang'aa kama sahani. Mke akasema afadhali. Mwalimu akaniuliza kwa kunong'ona kama Radi ipo. Huyo ndiye mteja mwenye msimamo.

Lakini nimeona hatari. Mama Saluni alitazama Radi, akatazama Kobe, akaendelea kufuma. Nikaamua Kobe izimike. Chaja mbili ziko kwenye rafu, zote nyeusi, moja imezungushiwa utepe mweupe kwa unadhifu. Unadhifu ule ni wa nani kama si wa Taratibu? Nikaichukua ile yenye utepe, nikaizika ndani ya gunia la nywele zilizofagiwa.

Mchana ikazimika. Radi.

Kobe bado inavua. Nasikia betri yake haiishi leo wala kesho.

Taratibu, alipoona nashika chaja iliyobaki, akaniambia hiyo ni ya Kobe, yangu ni ile yenye utepe mweupe. Alinifungia yeye Jumatatu, makusudi, chaja yangu isije ikapotea. Nikakimbilia gunia. Gunia halipo. Kila Alhamisi gari la taka hupita, na Taratibu alikuwa ameshanisaidia kulitoa.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini yeye aliniambia pole. Kisha akanipa chaja ya Kobe. Inaingia kwa zote mbili. Kinyozi hajinyoi, najua, ila sikutaka kunyolewa na huyu. Nimeipokea shingo upande. Nimeumia sana. Mpinzani mwenye roho nzuri ni mateso.

Ijumaa, 8 Machi

Nimegundua kosa langu la Jumatano. Kosa si kumnyoa mtu anayecheza. Kosa ni kumnyoa bila kuijua barabara.

Asubuhi nzima nimeisoma barabara. Daraja, kisha kona ya kushoto. Kituo cha mafuta, kisha kona mbili za kulia. Baada ya handaki kumenyooka kabisa, hapo unaweza kumchonga mtu ndevu na masharubu. Wateja waliniita, nikawaomba wasubiri, namalizia hii moja tu. Wakaenda kwa Taratibu. Wengine wakavuka barabara. Sikujali, nilikuwa kazini.

Alasiri akaja muuza vifaa vya umeme mwenyewe, kaka yake Mama Saluni, kuona gemu zake zinaendeleaje. Anapunguzwa nywele bure hapa. Nikamwahi mlangoni. Nikamkalisha, nikampa Radi. Huyu akisifu, nani atabisha?

Ilikuwa raha! Daraja, nanyanyua mkono. Kona inapita. Pamenyooka, nanyoa. Kituo cha mafuta, nanyanyua. Handaki, nachonga. Mama Saluni aliacha kufuma akatazama. Hata Taratibu alitikisa kichwa kwa heshima. Kama mtu angesimamisha saa pale, ningekuwa mtu mkubwa leo.

Kisha muuza vifaa akashinda mbio. Sikuwa nimewahi kushinda mimi, kwa hiyo sikujua kwamba ukishinda kuna hatua ya pili. Hatua ya pili ni mlima. Mlima wote ni kona.

Sitaki kuandika zaidi. Nyusi moja imebaki nzima.

Nyumbani mke wangu ameniuliza kwa nini napeleka bakuli mezani huku nimeinama upande kama niko kwenye kona. Nikamweleza yote. Akasema kama shida yangu ni kiti, ningemwomba Mama Saluni atengeneze kiti. Nimemwambia mambo ya kazi hayaelewi.

Jumamosi, 9 Machi

Hukumu.

Mama Saluni amesema hanunui Radi wala Kobe. Radi inawaharibu watu vichwa. Kobe inawalaza, na mtu akilala kwenye benchi anachukua nafasi ya watatu. Amepata dawa nyingine: atageuza benchi litazame dirishani, watu watazame barabara. Bure.

Kiti cha mbele kinabaki kwa Taratibu. Nilijua. Nikaanza kukunja taulo langu polepole ili nionewe huruma.

Hapo Taratibu akasema kitu ambacho sikukitarajia. Akamwambia Mama kwamba pesa iliyotengwa kwa gemu ingetosha kununua pampu mpya ya kiti changu. Akasema mimi nina mkono mzuri, ila hakuna kinyozi anayeweza kunyoa kichwa kinachokwenda chini. Akaongeza kwamba kiti kikipona, tutabadilishana, wiki moja yeye mbele, wiki moja mimi.

Mama akafikiri, akahesabu matundu ya kitambaa chake, akakubali. Akanipa pesa mkononi. Nirudishe gemu zote mbili kwa kaka yake, na palepale dukani kwake ninunue pampu, anazo. Jumatatu kiti kiwe kimesimama.

Machozi yalinilengalenga. Nilimshika Taratibu mkono, nikamwambia yeye ni ndugu yangu. Wiki nzima nimemfanyia vitimbi na yeye ananipa feni. Nimejifunza. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda dukani. Muuza vifaa alikuwa amevaa kofia iliyoshuka hadi machoni. Hakunisalimu vizuri. Nikarudisha Radi, nikarudisha Kobe, nikaomba pampu. Akaingia stoo kuitafuta.

Na pale juu ya kaunta, ndani ya kisanduku cha kioo, nikaiona gemu nyingine, Duma.

Duma ina mguu. Inasimama yenyewe! Unaiweka kwenye rafu ya kioo, mbele ya uso wa mteja, yeye anashika tu vitufe, vyenye waya wao, chini ya kitambaa. Anatazama mbele. Shingo imenyooka. Tatizo langu wiki nzima lilikuwa ni shingo, si kingine. Muuza vifaa alipotoka na pampu nikamuuliza kama Duma ina mbio za magari. Akasahau kwamba amenikasirikia. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara.

Pesa ilitosha moja kati ya hivyo viwili. Nikapiga hesabu kiungwana. Pampu inamnyanyua mteja mmoja. Duma itainyanyua saluni nzima. Mama Saluni mwenyewe atanishukuru, na kiti cha mbele nitapewa kila wiki, si kwa zamu.

Saluni imefungwa leo, ila nina ufunguo. Nimeiweka Duma kwenye rafu, nimekaa kitini nijaribu kama mteja. Nilipoanza niliona kioo chote cha gemu. Sasa naona nusu ya juu, mawingu na vilele vya milima. Si neno, nimenyoosha shingo.

Taratibu amepita. Ameitoa Jumapili yake yote, amekuja na boksi la spana, anifungie pampu. Yuko mlangoni, anauliza iko wapi.

Nimemwambia asubiri kidogo, namalizia hii moja tu.