Nyota 4.9 na Bega Langu la Kulia

Jumatatu, 4 Machi

Bega la kulia limekufa rasmi. Leo nimenyanyua kikapu cha kuku kutoka kwenye mafuta, mkono ukakataa katikati ya safari. Nusura nimkaange mteja. Picha ya hospitali inasema kano imechanika. Nitafute daktari wa upasuaji, wakasema.

Wol-hwa, wifi yangu, alizipokea habari kwa uso wa msiba na macho ya sikukuu. Miaka minane yuko kaunta akidai kuku wangu wana chumvi. Nisipoweza kunyanyua kikapu, jikoni ni kwake. Duka hili nimelijenga mwenyewe, kutoka sufuria moja. Halitamalizwa na yeye.

Jumanne, 5 Machi

Wol-hwa kanionyesha kwenye simu yake: Daktari Bong, nyota 4.9, watu 612. Akasema nisipoteze muda.

Watu 612! Mimi ni muuza kuku wa jiji la Daegu, najua nyota zinakotoka. Kila anayeagiza kwangu akiahidi nyota tano, namtilia vipira viwili vya jibini bure. Anaahidi kabla hajaonja. Mimi pia nina 4.9.

Nikapiga hesabu. Kliniki ina miezi kumi na minne, tuseme wiki sitini. Bong anapasua Jumanne na Alhamisi, watu watatu kwa siku. Jumla 360. Hao wengine 252 walipasuliwa wapi? Na hakuna aliyelalamika hata kidogo. Bila shaka! Hapa kwetu ukimsema mtu mtandaoni, hata kwa kweli tupu, anaweza kukufikisha polisi. Mmoja kaandika tu kwamba amejifunza mengi. Nyota tano. Huyo kaumia.

Alhamisi, 7 Machi

Upelelezi. Nimekwenda kwa Bong nikajifanya mgonjwa. (Ni mgonjwa kweli, lakini nilijifanya.) Kwenye chumba cha kusubiri nikamwomba kila mtu anyanyue mkono. Wanne wakanyanyua hadi juu. Nikavutiwa. Kumbe wote wanne walikuja kwa magoti. Wa bega alikuwa mmoja, naye alikataa, akisingizia daktari kamkataza.

Hapo dada wa mapokezi akanisogelea kwa adabu zote. "Mama, ukituwekea nyota tano sasa hivi, unakandwa mara moja bure."

Nikamwambia daktari mwenyewe sijamwona. Akasema haidhuru, wengi huweka wakiwa wanasubiri.

Ushahidi! Ndio hao 252! Nilikaa na hasira dakika tatu nzima. Kisha nikaweka nyota tano, maana kukandwa ni kukandwa. Nikaandika kwamba Daktari Bong ana mikono ya dhahabu. Aliyenikanda alikuwa na ya barafu.

Ijumaa, 8 Machi

Daktari Pyo. Nyota 2.8, watu 19. Wol-hwa aliniuliza kama nimechoka kuishi. Lakini nimeyasoma yote kumi na tisa. Saba wanalalamikia maegesho. Waliobaki: kusubiri saa mbili, chai hakuna, daktari hatabasamu. Kisu hakitajwi popote. Mimi sina gari. Nikaenda.

Kweli hatabasamu. Aliitazama picha muda mrefu, akanizungusha mkono, akasema mpasuko ni mdogo, hauhitaji kisu. Mazoezi miezi mitatu, nisiguse kikapu, kisha nirudi anipime. Nikamuuliza kama yeye ni mpasuaji au siye.

"Ni mpasuaji, mama. Ndiyo maana nakwambia usipasuliwe."

Jumamosi, 9 Machi

Nimewaza tangu asubuhi. Mpasuaji asiyetaka kupasua anaficha kitu. Pengine hajui. Pengine wale 19 walimwonea huruma. Na miezi mitatu Wol-hwa kwenye mafuta yangu! Nani kamtuma huyu Pyo?

Nikapiga simu kwa Bong. Mapokezi wakasema wiki mbili tu nitakuwa kazini, na Jumanne kuna nafasi. Nikazitazama tena nyota zake, safari hii kwa utulivu. Wamefika 613. Wanazidi kuongezeka! Watu 613 hawawezi wote kukosea.

Alhamisi, 21 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa kitambaa shingoni. Si wiki mbili. Wiki sita za kitambaa, kisha miezi minne au mitano bila kikapu. Bong alinieleza hayo akiwa keshamaliza kunishona, akitabasamu vizuri sana.

Jikoni yupo Wol-hwa. Kapunguza chumvi. Leo foleni ilifika mlangoni kwa muuza viatu. Nadhani kawalipa.

Nimetafakari kosa ni la nani. Ni la Pyo. Alijua kabisa nisipasuliwe, akanitamkia mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, akaniacha nitoke. Daktari anayejiamini angefunga mlango kwa ufunguo. Nimempa nyota moja. Jina lake nimeliandika nusu, asije akanishtaki.

Sasa natafuta mtu wa kunifanyisha mazoezi ya bega. Safari hii sidanganyiki. Yupo mmoja ng'ambo ya mto, nyota tano kamili, watu 1,040. Kafungua Januari. Nimeshaweka nafasi.