Mbuzi wa Defanse

Leo nimepatikana, jamani.

Asubuhi nilikuwa na defanse, ile siku ya kutetea kazi ya kumaliza chuo mbele ya juri ya maprofesa. Hapa Uvira hauendi peke yako. Baba ameshuka kutoka Rurambo na mbuzi wa sherehe, tumemfunga nyumbani Kilibula. Shangazi kaja na kopo la poda, animwagie kichwani nikifaulu. Wote mstari wa mbele, vitenge vya sare.

Na mimi? Nusu ya kazi imeandikwa na akili bandia ya kwenye simu. (Haya, zaidi ya nusu.)

Rais wa juri ni profesa anayeogopwa. Juzi kamfukuza mwenzetu ukumbini kwa kosa hilo hilo, sasa anarudia mwaka. Kwa hiyo nilikariri sura zote kama sala ya Baba Yetu. Kila swali, najibu. Jasho linatiririka mgongoni, lakini najibu!

Profesa akafunga kitabu cha kazi yangu. Nikapumua. Akakifungua tena, ukurasa wa kwanza.

"Mademoiselle, hii dedikasi, nani aliandika?"

Dedikasi, ule ukurasa wa kumtunukia mtu kazi! Hiyo hata kuisoma sikuisoma. Niliiambia simu tu: niandikie maneno ya kuliza watu.

"Ni minye, profesa." Mimi huyo, bila haya.

"Iko muzuri sana. Ngoja nitafsirie familia, nao wasikie."

(Nikatabasamu. Mjinga mimi!)

Akasimama, akageuza Kifaransa kuwa Kiswahili, taratibu, kwa sauti ya misa: "Kwa marehemu baba yangu mupenzi, aliyetuacha mapema bila kuona siku hii."

Wanajuri wengine nao wakasimama, vichwa chini. Shangazi akamgeukia baba, akamshika mkono kama anayepima homa.

Baba akainuka. Akavua kofia.

"Profesa, munisamehe. Huyo marehemu njo minye."

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka!

"Muzee, weye iko baba yake?"

"Ndiyo. Nilifika jana, na mbuzi."

Profesa akanitazama mpaka nikatamani sakafu inimeze. "Mademoiselle, nauliza tena. Nani aliandika?"

Nikaona baba ananiangalia, kofia bado mkononi.

"Simu, profesa."

"Na sura?"

"Simu nayo."

Nimeahirishwa. Nitaandika upya yote kwa mkono, ofisini kwake, yeye akiwa ameketi mbele yangu. Shangazi alifunika kopo lake. Niliumia, kusema kweli.

Tulipofika nyumbani baba alikwenda moja kwa moja kumfungua mbuzi.

"Baba, mbuzi anaenda wapi?"

"Rurambo. Weye uliona wapi marehemu anakaribisha watu nyama?"

Na nyie mnaosoma hapa, atakayecheka, namwandikia dedikasi.