Naomba Rébecca Asipewe Ndege

Butembo, komini ya Bulengera

Kwa Bwana Kanali, Mwenyekiti wa Tume ya Kuchagua Wanafunzi wa Uofisa na Urubani

Jambo: Pingamizi la mzazi dhidi ya mtoto wake mwenyewe

Bwana Kanali mheshimiwa,

Nakusalimu wewe na wajumbe wote wa Tume, kwa heshima ile ambayo mfanyabiashara humpa mtu mwenye silaha. Mimi ni Kakule Blaise, muuza mabati, misumari na rangi, baba wa mwombaji Rébecca. Hatujuani, lakini kama umewahi kununua kufuli hapa Bulengera, huenda tumeshaonana.

Tangazo lenu lililobandikwa kwenye ofisi ya komini linasema kwamba yeyote mwenye neno juu ya tabia ya mwombaji aiandikie Tume kabla dosiye, yaani mafaili ya waombaji, hazijafungwa. Nilingoja majirani waandike. Hakuna aliyeandika. Kinyozi Vagheni nilimkumbusha mara mbili, hata kalamu nikampa, na mpaka leo hajanirudishia. Kwa hiyo kazi imeniangukia mimi. Naomba mumkatae binti yangu, na sababu zangu zote nimezipanga hapa chini kwa utaratibu.

Lakini kwanza mjue ninachopoteza. Rébecca ana diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, na ndiye niliyemtayarisha kurithi duka. Akigonga bati kwa ukucha, hata amefumba macho, anakuambia kama ni namba 28, lile nene, au namba 32, lile jembamba. Watoto wangu wengine wakigonga bati, wanasikia bati tu. Mtu wa namna hiyo hapatikani mara mbili katika ukoo mmoja, nanyi mnataka kumpeleka mahali ambapo hakuna cha kugonga.

1. Tangu aanze kutayarisha dosiye yake, nyumba yangu imekuwa kambi. Anaamka kabla ya jogoo, anapuliza filimbi, na kila mtu anasimama kando ya kitanda chake akaguliwe. Shuka anazikaza chini ya godoro hivi kwamba hakuna awezaye tena kuingia ndani yake. Mimi na mke wangu Marie-Jeanne tunalala juu ya blanketi, na baridi ya Butembo mnaijua. Mpangaji wetu, Ajida Urbain, askari wa kweli wa cheo hicho cha ajida, aliyetumwa huku kutoka Kasai, zamani alikuwa anatoka kwa mlango wa mbele. Siku hizi anaruka ukuta wa nyuma, maana Rébecca humngoja mlangoni na saluti na maswali juu ya vyeo. Alinijia dukani uso umemshuka, akaniambia kwa Kilingala chake kilichochanganyika na Kiswahili kwamba amechoka: "Papa Blaise, nalembi. Miye niko mu jeshi tangu zamani, mais hata mukubwa moja hajanisumbua hivi." Naye hulipa nyumba kwa wakati, kwa hiyo sipendi ahame.

2. Alisikia kwamba daktari wenu atampima macho kwa ubao wa herufi. Akauchora ubao huo kwa rangi yangu nyeusi kwenye ukuta wa duka, herufi kubwa juu, ndogo chini, na kila siku anazisoma kwa sauti akiwa ng'ambo ya barabara, pikipiki zikipita katikati. Matokeo yake ni kwamba mtaa mzima umezishika kwa moyo. Mama yangu mzazi, ambaye sote tunamwita Koko, hakukanyaga shule hata siku moja, na jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho. Sasa anazitamka zote mpaka mstari wa mwisho, kila jioni kabla ya rozari, na anamalizia kwa Amina. Kwa kipimo cha daktari wenu, Koko ana macho ya rubani. Nawashauri mbadilishe herufi.

Kisha ukaja mtihani wa rangi. Rébecca aliposikia kwamba asiyetofautisha nyekundu na kijani hurudishwa nyumbani, alianza kuwapima wateja kwa makopo yangu. Bwana Kasika, jirani na mteja wa siku nyingi, aligundua mbele ya watu kwamba mlango anaouita kahawia tangu aoe ni wa kijani. Mke wake alikuwa akimwambia hivyo miaka yote. Tangu siku hiyo hanisalimii, na rangi ananunua kwa mwingine.

3. Inasemekana rubani huzungushwa kwenye kiti ili ijulikane kama anashikwa na kizunguzungu. Mtaani kwetu kiti kinachozunguka ni kimoja tu, cha Vagheni kinyozi. Rébecca alikaa, akazungushwa, akashuka, akatembea juu ya mstari wa sakafu bila kuyumba. Waliokuwa wakingoja zamu wakaona wivu. Leo watu wanakuja kwa Vagheni kuzungushwa, si kunyolewa. Katekista wetu alizungushwa akiwa amenyolewa upande mmoja, akatoka nje kwa heshima zake zote na kwenda moja kwa moja mpaka ndani ya mfereji. Jumapili alifundisha na kofia kichwani. Mimi mwenyewe nilipanda kile kiti mara moja tu, ili niwe na ushahidi wa kuwaandikia. Mara ya pili ilikuwa ya kuhakikisha, na ya tatu Vagheni ndiye aliyesisitiza.

4. Barua yake ya kujieleza ilikuwa na uongo. Aliandika kwamba tangu utoto amevutwa na anga, wakati sote tunajua kwamba utotoni aliogopa kuku, na ukimsimamisha juu ya kiti analia ashushwe. Nikamwambia aiondoe sentensi hiyo. Akaiondoa, akaandika kwamba alikuwa mwoga na amejifunza kidogo kidogo kuacha woga, na barua ikawa nzuri kuliko mwanzo, jambo ambalo pia nalilalamikia. Kifaransa chake nilikisahihisha mimi, lakini nukta na mikato tu, na ile aya ya pili yote, kwa sababu barua mbaya inaaibisha ukoo. Mpaka Beni kwa cheti cha daktari nilimpeleka kwa kuwa nilikuwa na safari yangu huko. Ilikuwa safari ya nini, kwa sasa sikumbuki vizuri.

5. Kama mtu wa mabati, niliomba kuonyeshwa picha ya ndege ya kujifunzia. Bati lake ni jembamba kuliko namba 32, ambayo mimi siuzi hata kwa banda la mbuzi bila kumwonya mteja. Halina msumari wa kofia hata mmoja. Nilimuuliza Rébecca maji ya mvua yanazuiwa na nini, akanijibu kwamba ndege, Papa, haipigiliwi misumari. Sikulala vizuri juu ya lile blanketi.

6. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, nalo lilitokea Beni, katika safari ile niliyoitaja. Tulilala kwa dada yangu Adèle, katika mtaa wa Beu. Alfajiri Rébecca akatoka kufanya mazoezi yake ya mbio kama kawaida, na mfuko wa maharage ya Musienene mgongoni, kwa sababu amesoma mahali kwamba ofisa lazima ajue kukimbia na mzigo. Hakufikiri. Mimi pia sikufikiri, nilikuwa napiga mswaki.

Bwana Kanali, kama umewahi kupangiwa kazi upande wa Beni, huhitaji kuelezwa. Watu wa Beu, waliokwisha kukimbia mashambulizi mara nyingi, wakimwona mtu anakimbia alfajiri na mzigo mgongoni, hawamuulizi kitu. Wanabeba watoto na kumfuata. Mama mmoja aliyekuwa anafagia aliacha ufagio, akabeba mtoto. Jirani yake akatoka na godoro. Mwingine akavuta mbuzi, mwingine akatoka na sufuria ya maji ya kusongea fufu ikiwa bado inachemka, na wanakwaya waliokuwa wakielekea misa ya asubuhi wakageuza njia na vitabu vyao vya nyimbo. Rébecca akasikia miguu nyuma yake. Akageuka, akaona mtaa mzima unakuja. Yeye naye ni mtoto wa huku, akaamini kwamba wenzake wameona jambo, akaongeza mbio. Walipoona ameongeza, nao wakaongeza. Adèle alinivuta mkono, nikatoka na kiatu kimoja na mswaki mdomoni. Nilikimbia nyuma ya mtoto wangu bila kujua kwamba ni mtoto wangu, huku nikimwomba Mungu amlinde popote alipo.

Pumzi zilipomwishia, alisimama. Wote wakasimama. Mama wa ufagio akamsogelea:

"Dada, uliona nini?"

"Sikuona kitu. Niliona benye banakimbia, donc na miye nikaongeza."

"Mais weye ndjo ulianza."

"Miye nilikuwa nafanya sport, mama."

"Sport na mufuko ya maharagi?"

Mwenye godoro akaliweka chini katikati ya barabara, akalikalia, akaanza kucheka. Wakacheka wote, hata mimi na mswaki wangu. Walicheka muda mrefu, mpaka kicheko cha mama mmoja kikageuka kuwa kilio, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Adèle akaufungua ule mfuko, akaomba sufuria kwa yule mwenye maji ya moto, na maharage yakapikwa palepale kwa ajili ya kuomba radhi. Yalitosha watu wengi. Haya yote nayaweka kwenye hesabu ya Rébecca: kuvuruga usalama wa raia, kuchelewesha misa, na kupoteza kiatu changu cha kulia.

7. Tuliporudi Butembo nilimwita mezani nimkaripie, mbele ya mama yake na Koko. Nilikuwa nimetayarisha maneno yangu njia nzima. Aliningoja nimalize, kisha akasema: "Papa, batu bote bale balikimbia, na hata mumoja hakujua anakimbia nini. Kama kungekuwa mutu moja wa kwetu ule anaona toka yulu, mu ndege, angebaambia: mubaki, hakuna kitu. Ao angebaambia: mupite huku."

Nimefanya biashara tangu ujana wangu, na bado hajatokea mteja aliyeniacha bila jibu. Siku hiyo nilihesabu vijiko vya mezani, nikavirudia. Marie-Jeanne aliangalia sahani yake, Koko akaanza kutamka herufi zake polepole ingawa saa ya rozari ilikuwa bado, na chakula kikapoa. Nauliza kama ni tabia njema kwa mtoto kumfanyia baba yake hivyo. Hili ndilo lalamiko langu zito kuliko yote.

Kwa sababu hizo saba naomba mumkatae. Kama sheria haiwaruhusu kumkataa, basi mchukueni lakini mumweke chini, kwenye stoo ya mabati ya jeshi, ambako kipaji chake kitaonekana. Kama hamna stoo, mchukueni Koko. Tangazo lenu linataka mtu mwenye macho mazuri, asiye na ndoa, asiye na mtoto mdogo, asiyechorwa mwili, na aliyezoea kuamka mapema. Koko ni mjane, na masharti yote anayatimiza, isipokuwa lile la umri, ambalo nadhani lina nafasi ya mazungumzo. Na kama Koko pia hafai, basi leteni gari mtuchukue sote, kwa kuwa mafunzo tumeshayamaliza na vitanda vimetandikwa.

Niseme pia bila kuzunguka, ingawa kuzunguka tumezoea. Ninaogopa. Ndege inapanda, na kila kinachopanda mimi nakihesabu kama kimetoka dukani bila kulipiwa. Mtoto niliyemshusha kwenye kiti kwa mikono yangu, leo sina ngazi ya kumfikia huko anakotaka kwenda. Kama ninyi nyote kwenye Tume ni wazazi, mtanielewa na mtaisoma barua hii kwa utaratibu.

Nawasalimu wajumbe wa Tume mmoja mmoja, wake zao na waume zao, daktari wa macho, yule anayezungusha kiti, na mpishi wa chuo, ambaye namjulisha tu kwamba Rébecca hali mboga ya sombe yenye pilipili. Marie-Jeanne anawasalimu. Koko anawasalimu na kuwaombea. Ajida Urbain naye anawasalimu kutoka juu ya ukuta, na anaunga mkono ombi lolote litakalomwondoa Rébecca hapa nyumbani, liwe langu au lake.

Nabaki mimi, raia mtiifu na baba mwenye mashaka,

Kakule Blaise
Mabati, misumari, rangi za aina zote

N.B. Ndege ndogo zinazoshuka kwenye uwanja wa Rughenda hupita juu ya mtaa wetu. Nyumba yetu ni ile yenye paa la rangi ya machungwa. Hakuna nyingine Butembo nzima, kwa hiyo Rébecca hawezi kukosea. Rangi hiyo ililetwa dukani kwa makosa na hakuna mteja aliyewahi kuitaka. Tuliipaka Jumamosi, mimi juu ya paa, Marie-Jeanne ameshika ngazi, Koko akituonyesha kutoka kwenye kiti chake sehemu tulizoruka. Bwana Kasika alipita, akanisalimu tena, akasema kijani kile kinapendeza. Mwambieni Rébecca asishuke chini sana, mama yangu ana moyo wa kushtuka. Ainamishe bawa tu, tutaelewa. Nawaomba pia msichelewe kujibu, na mfikiri vizuri kabla ya kumkataa. Ni rangi ya mafuta, nimeipaka mara mbili, na mimi ninayeiuza najua kwamba haitoki.